Sumbawanga kwa Gari la Kulala: Kabla Hujachomeka, Uliza Waya wa Tatu

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba likizo yako unaipeleka Sumbawanga, uone atakavyokutazama. Zanzibar anaielewa. Arusha anaielewa. "Sumbawanga? Kuna nini huko zaidi ya radi?" Halafu anacheka kile kicheko cha watu waliokulia kwenye stori za uchawi wa Rukwa. Mimi huwa nawajibu kwamba jina lenyewe, kwa maelezo ya wenyeji, maana yake ni tupa uchawi. Mji unakuomba uyaache mambo hayo mlangoni, watu wanaugeuza kuwa makao yake makuu!

Ukweli ni kwamba kwa wawili wanaopendana na wenye gari, uwanda wa juu wa Ufipa ni moja ya sehemu tamu kabisa nchini mwetu. Uko juu, mji wenyewe ni karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na umekaa katikati ya mabonde mawili: magharibi Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa. Ukiwa juu unaona nyasi, mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, na anga kubwa isiyo na haraka. Ukishuka upande wowote, joto linakupokea. Ukibaki juu mwezi wa Juni au Julai, usiku baridi yake si mchezo, sweta moja haitoshi.

Na barabara siku hizi ipo. Wale wa zamani wanakumbuka Tunduma hadi Sumbawanga ilivyokuwa, zaidi ya kilomita 200 za vumbi na matope ambazo basi lingeweza kulala nazo. Februari 2008 Rais George W. Bush alipokuja Dar es Salaam, yeye na Rais Jakaya Kikwete walisaini mkataba wa Millennium Challenge, na barabara hii ilikuwa miongoni mwa zilizopata lami kwa fedha hizo. Leo unatoka Tunduma asubuhi, unapita Laela, unakunywa chai yako, na mchana uko Sumbawanga.

Kwa hiyo mimi na mume wangu tulikwenda Juni iliyopita, safari hii kwa gari la kulala. Wengine wanaliita motohomu, wengine karavani, ingawa karavani hasa ni ile inayovutwa. Letu ni Toyota Hiace yenye kitanda, kabati, kajiko na kafriji, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika kama magari yetu mengine yote. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuhangaika na nyumba za wageni. Unaomba kuegesha kwenye uwanja wa mtu unayemfahamu, unalala kwako. Kitu kimoja tu ndicho utakachokiomba kwa mwenyeji, na hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Umeme.

Gari limetoka Japani, umeme wetu haujatoka huko

Nimekulia kwenye nyumba ya fundi umeme, kwa hiyo mnisamehe nikianza na hesabu. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni volti 230. Gari la kulala lililotengenezewa soko la Japani lina soketi ya pembeni ya kupokelea umeme wa nyumba, na kila kilichofungwa nyuma ya soketi ile kinategemea volti 100. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye nyumba ya Sumbawanga, au Sinza, umelipa zaidi ya mara mbili ya kile linachokihitaji. Kwa vifaa vya kupasha joto hali ni mbaya zaidi ya hapo, kwa sababu volti zikizidi mara 2.3, nguvu inazidi mara 2.3 ya hizo 2.3, yaani zaidi ya mara 5. Birika la wati 800 linajaribu kuwa birika la wati 4,000. Halitafanikiwa, litaungua kwanza, na likiungua limezungukwa na godoro na mapazia.

Kuna wanaotatua hilo kwa transfoma ya kushushia umeme. Inafanya kazi, ila hakikisha ni ya 100 kweli (madukani zimejaa za 110) na ina uwezo wa mzigo wako wote, si wa kuchaji simu tu.

Sisi hatukutaka transfoma. Tatizo jingine la magari haya ni kwamba soketi nyingi za Japani zina matundu mawili, na sisi tulitaka waya wa tatu. Kwa hiyo kabla ya safari fundi mwenye leseni ya EWURA pale Mbeya aliung'oa mfumo wote wa volti 100, akafunga wa 230: soketi ya nje yenye kifuniko, ile ya bluu ya pini tatu ya ampea 16 wanayotumia wenye karavani Ulaya, sakiti breka, na kile kikata umeme ambacho mafundi wanakiita RCD, cha miliampea 30. Akafunga na waya wa kijani na njano kwenye bodi ya gari kwa bolti. Huo ndio ethi, waya wa ardhini. Bila huo, mengine yote hayo ni nusu ya kazi.

Kwa mzee

Tulifikia kwa wazazi wa rafiki yetu wa chuo, nje kidogo ya mji, upande ambao milima ya Mbizi unaiona vizuri. Mzee ni mwalimu mstaafu. Tulipokelewa kama watoto wa nyumba ile. Shikamoo hazijaisha, ugali wa ulezi uko mezani, na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Mjukuu wao wa miaka kama minne alikuwa ameshalizunguka gari letu mara kumi, pekupeku, akivuta kila kitasa cha mlango.

Jua likaanza kuzama, baridi ikaanza kushuka. Betri ya gari ilikuwa imechoka kwa sababu siku mbili nzima tulikuwa tunaendesha kafriji na taa. Mzee mwenyewe akasema, "Wanangu, umeme si huo hapo? Vuteni waya." Akaonyesha soketi ya sebuleni karibu na dirisha.

Nikatoa kwenye pochi kiplagi changu cha kupimia. Ni kitu kidogo kama chaja ya simu, kina taa tatu, unakichomeka kwenye soketi na taa zinakwambia nyaya zimekaaje ndani. Taa ya ethi haikuwaka. Nikahamia soketi ya pili, ileile. Soketi ya jikoni, ileile.

Mume wangu alikuwa ananitazama kwa macho ya kusema acha. Ninamwelewa. Mtu amekupa umeme wake bure, anaulipia LUKU kwa pensheni, halafu wewe unatembea nyumbani kwake ukiupima kama vile unanusa chakula kabla ya kula.

"Mwanangu, miaka yote tunatumia soketi hizi," mzee akasema, kwa upole, lakini nilisikia kwamba ameguswa. "Televisheni hiyo, friji hilo. Hazijawahi kumpiga mtu."

Nikamgeukia mama. "Mama, friji halikutekenyi ukilifungua ukiwa pekupeku?"

Mama akacheka kwa sauti. "Linatekenya sana! Ndiyo maana ndala zangu ziko pale pale mlangoni."

Kila nyumba nimewahi kuona ndala za friji. Tunazichukulia kama desturi, sawa na kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Lakini mtekenyo ule ni ujumbe. Vifaa vingi vya umeme huvujisha umeme kidogo sana kwenye bodi yake, na kazi ya ethi ni kuupeleka ardhini kimya kimya. Ethi isipokuwepo, umeme ule unabaki kwenye bodi ukisubiri mtu. Siku waya wa ndani ukichubuka, haukutekenyi tena, unakushika.

Sasa weka gari mahali pa friji. Gari ni chuma kitupu, limesimama juu ya matairi manne ya mpira, halijagusa ardhi popote. Kifaa kimoja ndani kikipata hitilafu na ethi haipo, bodi nzima inakuwa na umeme, milango, bampa, ngazi. Na mliomo ndani hamsikii chochote, kwa sababu miguu yenu na mikono yenu viko kwenye umeme uleule. Atakayejua ni yule aliyesimama chini, kwenye nyasi zenye umande, akishika kitasa. Kwa ile nyumba, huyo angekuwa mjukuu.

Mtu ataniuliza, na RCD yenu je? Si ingekata? Ingekata, na ndiyo maana tunayo. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ikiona pungufu ya miliampea 30 inazima haraka kuliko unavyoweza kuondoa mkono. Lakini fikiria inaionaje hiyo pungufu kwenye nyumba isiyo na ethi. Inaiona umeme unapopita kwa mtoto. Penye ethi, breka au RCD inaruka pale pale hitilafu inapotokea, kabla hajafika mtu yeyote. Na kikata umeme ni mashine, mashine inaweza kugoma. Mimi sitaki mtoto wa watu awe ndiye jaribio.

Hatukuchomeka usiku ule.

Wasomaji wapenzi, hili gazeti ni la mapenzi, kwa hiyo niwape na hiyo sehemu. Tuligombana. Kwa kunong'ona, chini ya blanketi mbili, maana uwanja wa watu hauruhusu sauti. Yeye aliona nimemdhalilisha mzee mbele ya mkewe. Mimi nikamwambia adabu kwa mzee ni pamoja na kutomuulia mjukuu. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho kilikuwa na haki kabisa: kwamba tungeweza kupiga simu siku mbili kabla, tukauliza habari ya ethi kama tunavyouliza habari ya maji, na mzee angejibu kwa raha zake bila hadhira. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya, na anayepiga simu ni yeye. Wanandoa mnaotaka kusafiri hivi, kubalianeni mapema nani ana neno la mwisho kwenye umeme. Kusiwe na kura mbele ya mwenyeji.

Kuhusu baridi: mama kwa huruma yake alituletea jiko la mkaa tuingize ndani ya gari. Tulilipokea kwa mikono miwili, tukalitumia nje, tukachemshia maji, tukayajaza kwenye chupa na kulala nazo miguuni. Jiko la mkaa halilali na watu ndani ya gari. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na nafasi ya gari ni ndogo mno, watu wanasinzia na hawaamki. Hata ukifungua dirisha kidogo. Usijaribu, tafadhali.

Waya uliokatwa

Asubuhi mzee mwenyewe alikuwa ameshanizunguka. Nilimkuta nyuma ya nyumba na fimbo, anafukua. "Njoo uone, mama." Fimbo ya ethi ipo, imepigwa ardhini kama inavyotakiwa, lakini waya wa shaba uliotoka ukutani kuja kwenye fimbo umekatwa. Umekatwa safi, pande zote mbili. Wauza vyuma chakavu. Hakuna anayejua ni lini, kwa sababu kitu cha ajabu cha ethi ni kwamba ikiondoka hakuna taa inayozimika. Redio inaimba, friji linagandisha, LUKU inahesabu.

Fundi akaja kabla ya saa tano, na yeye ana leseni. Alifunga waya mpya, safari hii ukapita ndani ya bomba na kufukiwa. Akatoa kifaa chake cha kupimia ardhi, kwa sababu kiplagi changu cha taa tatu kina mpaka wake: kinasema ethi ipo au haipo, hakisemi ni nzuri kiasi gani. Ardhi ya Juni Ufipa ni kavu, mvua zimekwisha, na ardhi kavu haipokei umeme vizuri. Namba haikumridhisha. Akapiga fimbo ya pili mita chache pembeni, akaziunganisha, namba ikashuka. Nyumba haikuwa na RCD, akafunga na hiyo karibu na meni swichi. Malipo alitoa mume wangu, na mzee akakubali baada ya kukataa mara tatu kama ilivyo ada.

Mama akavua ndala, akashika friji. Akashika tena. Akamwita jirani aje ashike.

Ndipo tukachomeka, na utaratibu wenyewe ni huu. Ndani ya gari kila kitu kinazimwa, pamoja na swichi kuu. Waya unakunjuliwa wote hadi mwisho, hata kama nyumba iko mita tano tu, kwa sababu waya uliobaki umeviringwa kwenye kigurudumu ukipitisha mzigo mkubwa unapata moto hadi unayeyuka. Wetu ni wa nyuzi tatu, unene wa 2.5, mita 20, kipande kimoja bila kiungo. Zile ekstensheni za sokoni za nyuzi mbili ziacheni zichaji simu. Unaanza kuchomeka upande wa gari, ndipo unakwenda kuchomeka upande wa nyumba. Ukianzia kwenye nyumba unatembea uwanjani na ncha yenye umeme mkononi. Baada ya hapo unawasha soketi, unawasha swichi kuu ya gari, unabonyeza kitufe cha kujaribia RCD. Ikiruka, irudishe, endelea na maisha. Isiporuka, chomoa. Wakati wa kuondoka ni kinyume chake: zima, chomoa nyumbani kwanza, gari mwisho.

Waya usipite mlangoni wala chini ya dirisha linalobana, na usipite wanapokanyaga watu na mbuzi. Tuliuning'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwa idhini ya mama.

Plagi ya kawaida ya kwetu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni karibu wati 3,000, na huo ndio ukomo wa nyumba yako ya magurudumu hata kama ndani una soketi sita. Birika la wati 2,000 na hita ya wati 1,500 haviwezi kuwaka pamoja. Na jioni, kila mtu mjini anapopika, volti zinaweza kushuka; kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme uliovuka mpaka kutoka Zambia pamoja na majenereta, na watu wa pale wana uzoefu mrefu wa taa kufifia. Friji lako liwe na kile kilinzi cha volti wanachouza maduka ya umeme.

LUKU ya mwenyeji nayo ina heshima yake. Hita ya wati 1,000 ikiwaka muda wa saa 6 imekula uniti 6, na chaja ya betri inaweza kula uniti 2 usiku kucha. Kwa nyumba ya mstaafu hizo ni nyingi. Ukitoa noti mkononi, mzee wa Kifipa atakwambia ondoa. Omba kuisoma namba ya mita, nunua kwa simu, tarakimu 20 za tokeni ziandike kwenye karatasi na uziache mezani chini ya kikombe. Sisi tulifanya hivyo na hakuna aliyeturudishia.

Kama mnakwenda kati ya Novemba na Aprili, ongezeni jambo moja: ngurumo zikisikika mbali, chomoeni pande zote mbili mapema, si mvua ikishaanza. Radi ya Ufipa haina mtu aliyeituma, lakini ipo, na waya mrefu uliolala uwanjani ni mwaliko.

Siku ya tatu tuliondoka na betri iliyojaa, tukashika njia ya Matai kwenda maporomoko ya Kalambo, pale mto unapoanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, nusu Tanzania nusu Zambia. Tulilala karibu na maporomoko bila kuomba waya kwa mtu, taa moja ndogo ya betri, kafriji kakiwa kamezimwa kwa sababu baridi ya nje ilitosha. Mume wangu aliweka simu yake mezani, ana salio, akaanza kumpigia mwenyeji wetu wa Kasanga.